Mnorwe Hakuishinda NASA Peke Yake

Kuna hadithi moja inayonikera, na leo nimeamua kuitolea uvivu.

Husimuliwa hivi. Miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani waliamini kwamba vijipira vya plastiki vidogo kuliko vumbi, vyote vya ukubwa mmoja, haviwezi kutengenezwa hapa duniani. Lazima mtu apande navyo angani, mahali pasipo na uzito. Akatokea profesa mmoja wa Norwe, John Ugelstad, akajifungia maabara mjini Trondheim, na mwaka 1976 akavitengeneza juu ya meza yake. NASA chali. Makofi.

Najua kwa nini hadithi hii inapendwa na watu wa kompyuta. Ni ile ile yetu ya kila siku: kijana mmoja, gereji moja, wazo moja, na dunia nzima imekosea ila yeye. Ondoa gereji uweke maabara, ondoa kijana uweke profesa, umemaliza. Tatizo ni kwamba ukiifuatilia pole pole unakuta kila hatua kuna watu waliotolewa. Nami nasema kuwatoa watu hivyo si kosa dogo la msimulizi. Ni tabia, na tabia hiyo inaua maabara, zikiwemo za kwetu Kenya.

Mliokuja hapa kutafuta habari za programu, vumilieni kidogo. Tutafika huko.

Kwanza, vijipira vyenyewe

Chukua tui la nazi. Ni mafuta yaliyogawanyika kuwa vitone vidogo mno ndani ya maji, yakakubali kukaa humo kwa muda. Maziwa ni vivyo hivyo. Rangi ya maji unayopaka ukutani nayo ni vivyo hivyo, ila humo mna chembe za plastiki. Kitu kilichotawanyika ndani ya kingine namna hiyo, kwa vipande visivyoonekana kwa jicho, wanakemia hukiita koloidi. Polima nayo ni ile minyororo mirefu ya molekuli inayofanya plastiki, mpira na nyuzi. Unganisha mambo hayo mawili, umepata fani ya watu ninaowazungumzia.

Kutengeneza chembe ndogo za polistirini zinazolingana kulijulikana tangu miaka ya 1940. Shida ilianza chembe zilipotakiwa kuwa kubwa kupita mikromita 2 hivi. (Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 au zaidi, kwa hivyo "kubwa" hapa ni jina tu.) Chembe zikikua huanza kuelea au kuzama. Ukikoroga kwa nguvu ili zisielee, zinagongana na kugandana. Ndiyo maana wazo la kwenda angani halikuwa wazimu hata kidogo: kule hakuna juu wala chini, chembe zinakaa mahali pake.

Njia ya Trondheim ilikuwa nyingine. Unaanza na mbegu, yaani chembe ndogo ambazo tayari zinalingana. Mbegu ya kawaida ikiwekwa ndani ya malighafi ya plastiki hunywa mara chache tu ya ujazo wake, kisha inashiba. Wao wakailisha kwanza kitu ambacho karibu hakiyeyuki kabisa katika maji. Mbegu iliyolishwa hivyo inaweza kunywa malighafi mara 1,000 ya ujazo wake, na zaidi. Halafu unapasha joto, malighafi inakuwa plastiki. Zilianza sawa, zimekunywa sawa, zinamaliza sawa.

Baadaye wakazitengeneza zenye vitundu, wakajaza oksidi ya chuma ndani ya vitundu hivyo. Chembe ya namna hiyo huvutwa na sumaku ikiletwa karibu, na sumaku ikiondolewa inasahau kila kitu na kutawanyika tena. Ukiipaka juu yake kingamwili inayoshika aina moja tu ya seli, una ndoano. Mimina ndani ya damu, leta sumaku pembeni, na seli uliyoitaka imetengwa na nyingine zote. Kazi nyingi za maabara za leo, kuanzia kutenga seli hadi kusafisha DNA, husimama juu ya ujanja huo.

Sasa tuhesabu watu

Hatua ya kwanza. Mwaka 1973, kabla ya hiyo 1976 ya makofi, ilichapishwa makala fupi iliyoonyesha kwamba plastiki inaweza kuanza kuundwa ndani ya vitone vyenyewe vya malighafi, mradi vitone viwe vidogo vya kutosha. Ni miongoni mwa mizizi ya yote yaliyofuata. Ina majina matatu: Ugelstad, El-Aasser, Vanderhoff. John Vanderhoff na Mohamed El-Aasser walikuwa Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, Marekani. El-Aasser ni Mmisri aliyesoma Alexandria kabla ya kwenda ughaibuni. Yaani Mwafrika yumo kwenye mizizi ya hadithi hii, na wewe hukuambiwa.

Hatua ya pili. Hiyo "NASA iliyoshindwa" ilikuwa nani? Ilikuwa Vanderhoff na El-Aasser hao hao, pamoja na Fortunato Micale wa Lehigh na Dale Kornfeld wa NASA. Mtambo wao ulipanda na chombo cha Columbia mwaka 1982. Mwaka 1985 vijipira vyao vya mikromita 10 vilianza kuuzwa na idara ya vipimo ya serikali ya Marekani kama kipimo cha kulinganishia, bidhaa ya kwanza iliyotengenezwa angani na kuuzwa duniani. Huko ndiko kushindwa? Watu walioandika makala moja mwaka 1973 walishika njia mbili za kutatua tatizo moja, na njia zote mbili zikafika. Moja ilikuwa rahisi zaidi kuifanya kila siku. Basi. Hakuna aliyempiga mwenzake chali.

Hatua ya tatu. Mwaka 1992 kundi la Trondheim na wenzake walichapisha makala ndefu ya kueleza kazi yao yote, kurasa zaidi ya 70. Someni majina: Ugelstad, Berge, Ellingsen, Schmid, Nilsen, Mørk, Stenstad, Hornes, Olsvik. Tisa. Angalieni vizuri hapo: Ugelstad hakuyaficha majina hayo. Aliyaandika. Sisi wasimulizi ndio tuliokuja baadaye na kifutio.

Hatua ya nne. Mwanakemia hajui mgonjwa anahitaji nini. Ilibidi madaktari wa London, miaka ya 1980, wazitumie chembe hizo kusafisha uboho wa watoto wenye saratani ya neva kabla ya kuwarudishia. Ilibidi kundi la Mathias Uhlén mjini Stockholm lionyeshe mwaka 1989 kwamba zinaweza kushika DNA pia. Ilibidi taasisi ya utafiti ya SINTEF iwemo, na kampuni ya Dynal, iliyoanzishwa mwaka 1986, ijifunze kuzitengeneza kwa wingi bila kupoteza ule usawa. Na tiba ya kwanza ya saratani ya damu kuidhinishwa Marekani inayotumia seli za mgonjwa mwenyewe zilizobadilishwa jeni, mwaka 2017, huziamsha seli hizo kwa chembe za ukoo huo huo.

Kutoka mtu mmoja tumefika umati. Na bado sijawagusa wale ambao majina yao hayamo popote.

Wasioandikwa kabisa

Hebu nieleze siku ya kazi katika maabara ya namna hii ilivyo. Malighafi inayoitwa stirini huja na dawa ya kuizuia isigande ghalani. Mtu lazima aiondoe. Oksijeni huharibu mmenyuko. Mtu lazima apitishe naitrojeni kuifukuza, asubiri, ahakikishe. Chupa ikiwa na uchafu kidogo, kila kitu kinagandana. Joto likae kama digrii 70, mara nyingi usiku kucha, na mtu alinde. Kisha sabuni iliyobaki ioshwe, na kuosha huko ni kwa siku, si kwa dakika. Halafu chembe zipigwe picha kwa hadubini ya elektroni, na mamia yake yapimwe moja moja ndipo mtu apate ujasiri wa kuandika neno "zinalingana".

Nani anafanya hayo? Fundi wa maabara. Mwanafunzi wa uzamili ambaye hajalipwa posho. Fundi wa vioo anayetengeneza chupa zisizouzwa dukani. Mwendeshaji wa hadubini. Mtunza ghala anayejua ni mzigo upi wa stirini ulikuja umeharibika. Na siku hizi, waandika programu wenzangu, yumo pia mmoja wetu: yule aliyeandika programu ya kupima hizo picha ili watu wasipofuke kwa kuhesabu. Nyote mnajua jina lake huandikwa wapi. Haliandikwi.

Makala itasema "chembe zilioshwa". Maneno mawili. Zilioshwa vipi, mara ngapi, kwa mkono wa nani, ukaacha lini? Hayo yamo kichwani mwa fundi. Akistaafu, maabara inabaki na makala nzuri na chembe mbaya. Sisi tunaujua ugonjwa huo: mfumo mzima unategemea mtu mmoja ambaye hakuna aliyejali kumwandika, na siku akiugua ndipo mkubwa anauliza, "Kwani huyu alikuwa akifanya nini?"

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutengeneza kurasa za kundi la utafiti wa polima katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nikaenda maabara kukusanya habari. Aliyenipokea, akanionyesha kila mtambo, akanieleza kila mtambo huharibika vipi, alikuwa fundi wa miaka mingi. Wanafunzi walimwita Mzee na walimwendea yeye kwanza kabla ya kumwendea mhadhiri. Nikaandaa ukurasa wa watu, majina kumi na manne. Ukarudishwa na majina sita. Nikapiga simu kuuliza. Nikajibiwa, kwa upole kabisa: "Hao wengine ni wafanyakazi, si watafiti." Nikabishana, nikashindwa, kwa sababu mwenye mali ndiye mwenye kauli. Ukurasa ukapanda na nyuso sita. Mzee naye akaendelea kufungua mlango kila asubuhi kabla ya wote sita.

Hilo ndilo ninalolipinga. Si kwamba alinyimwa heshima tu. Ni kwamba kila bajeti inapokatwa, wa kwanza kukatwa ni yule ambaye karatasi zinasema hayupo.

Visingizio vitatu

Najua nitajibiwa nini, kwa hivyo nijibu kabisa.

Cha kwanza: "Kiongozi ndiye anayebeba mzigo, anatafuta pesa, anatoa wazo." Kweli, na simnyang'anyi. Wazo la kuilisha mbegu kwanza ni wazo la akili kubwa, na maabara ya kemia ya koloidi na polima pale Trondheim iliyofunguliwa mwaka 2002 ilistahili kuitwa Ugelstad. Lakini jina la mlangoni si orodha ya walio ndani. Nyumba huitwa kwa mwenye nyumba, haimaanishi anaishi peke yake.

Cha pili: "Fundi amelipwa mshahara, yametosha." Na profesa je, anafanya kazi kwa sadaka? Wote wana mshahara. Mshahara unalipia saa. Jina linasema ukweli kuhusu nani alifanya nini. Hivyo ni vitu viwili, na kimoja hakilipii kingine.

Cha tatu: "Ukimwandika kila mtu, orodha inakosa maana." Huyu hajawahi kuona programu huria. Linux ina faili linaloitwa CREDITS tangu miaka ya 1990, la majina ya waliochangia na walichochangia. Ukitumia git unaweza kuuliza mstari wowote, hata wa koma moja, ni nani aliuandika na lini. Orodha ni ndefu kupindukia na haijakosa maana. Ndiyo maana yenyewe. Hata wachapishaji wa sayansi wameanza kuamka: kuna mpango unaoitwa CRediT wenye majukumu 14, wa kutaja nani alitoa wazo, nani alifanya majaribio, nani aliandika programu, nani alitafuta pesa. Mwaka 2022 ulifanywa kiwango rasmi Marekani. Chombo kipo. Kinachokosekana ni nia.

Inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu sana. Turudi mwaka 2020. Corona imeingia, dunia nzima inagombania vitendanishi vya kupimia, na Kenya, kama nchi nyingi, ikapungukiwa. Mojawapo ya vitu vilivyoadimika ni vya kutoa chembe za urithi za kirusi kutoka kwa sampuli, kazi inayofanywa vizuri na vijipira vya sumaku. Pale Trondheim, katika chuo hicho hicho ambacho sasa kinaitwa NTNU, watu wa tiba wa Magnar Bjørås na wahandisi wa kemia akina Sulalit Bandyopadhyay walikaa pamoja na kutengeneza kipimo chao kwa muda wa wiki kadhaa, wakitumia chembe za oksidi ya chuma zilizopakwa silika.

Wiki kadhaa! Hapo tena utasikia hadithi ya mujiza. Lakini muda halisi si wiki, ni zaidi ya miaka 40 ya watu wanaojua kuosha chembe katika mji mmoja. Mikono ilikuwepo, mitambo ilikuwepo, na aliyejua mtambo ulivyo alikuwepo wa kumuuliza. Ukimwondoa kila asiye profesa mwaka 1995, mwaka 2020 huna kipimo.

Sasa tujiangalie. Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na niliunga mkono. Lakini marufuku ni sheria, si sayansi ya polima. Atakayetutengenezea kifungashio mbadala, au rangi isiyo na sumu, au chembe zetu wenyewe za vipimo, hatatoka kwenye mashindano ya siku mbili ambapo vijana wanapewa fulana na pizza, kisha mmoja anapanda jukwaani kuitwa mwanzilishi. Atatoka kwenye kundi lililokaa pamoja miaka 15, lenye fundi ambaye hajaondoka kwa sababu anajua anahesabiwa. Wanakemia tunao. Tunachokibomoa kwa mikono yetu ni lile kundi linalowazunguka, kwa kupenda mno hadithi za mtu mmoja.

Ninachokitaka

Sitaki sanamu. Nataka mambo matatu, na yote ni ya bei rahisi.

Moja: kila kundi la utafiti liandike watu wake wote, kwa jina na kwa kazi, wakikubali wenyewe. Si "wafanyakazi wengine". Majina.

Mbili: kila makala ieleze nani alifanya nini, na fundi aliyebuni namna ya kuosha chembe awe mwandishi, asitupwe kwenye shukrani za mwisho pamoja na jina la mfadhili.

Tatu, na hii ni yetu sisi wa kuandika programu: ukipewa kazi ya kutengeneza mfumo wowote wa chuo, weka sehemu ya watu wote tangu mwanzo, iwe ya lazima, isiwe ya kuongezewa baadaye. Mteja akitaka kufuta mtu, na afute mwenyewe kwa mkono wake, akiliona jina la anayemfuta.

Na mtu akikusimulia tena jinsi Mnorwe mmoja alivyoipiga NASA chali, mwache amalize. Kisha mwulize: Vanderhoff alikuwa wapi? El-Aasser je? Na wale wanane waliofuata baada ya jina la kwanza? Na chupa zilioshwa na nani?

Kama wewe ni fundi wa maabara, au uliwahi kuandika programu ya maabara ukaachwa nje ya orodha, andika hapo chini kwenye maoni. Usitaje chuo kama unaogopa. Taja kazi uliyoifanya. Angalau ukurasa mmoja duniani utakuwa nayo.